Shahada ya Muziki Isiyojua Shairi

Wapenzi wa tungo, nataka kusema jambo litakalowakera marafiki zangu wa pande mbili, walimu wa muziki na walimu wa fasihi, na ninawaomba wanisikilize mpaka nukta ya mwisho. Katika mwambao wetu huu muziki hauwezi kusomeshwa chuo kikuu kama fani iliyotengwa na ushairi. Anayempa shahada ya muziki kijana asiyejua mizani, vina na bahari za tungo za Kiswahili, ametoa nusu ya shahada na kuipiga muhuri wa nzima. Na anayempa shahada ya fasihi kijana aliyechambua nyimbo mia bila ya kusikia mahadhi ya hata moja, naye ametenda hayo hayo.

Sisemi kwa chuki ya vyuo. Mimi sikupita chuo kikuu. Nilichonacho nimekiokota madrasa, barazani, katika vitabu vya kuazima na katika kazi ya kufasiri, ambayo ni mwalimu mkali kuliko wote. Lakini nafurahi nikimwona kijana wa Ng'ambo au wa Mji wa Kale wa Mombasa anakwenda kusoma muziki hadi daraja ya juu. Wazee wetu walikuwa wakisema ngoma ni ya usiku na elimu ni ya mchana. Leo mchana umeifungulia ngoma mlango, nalo ni jambo la heri. Hoja yangu ni kwamba mlango umefunguliwa nusu, na aliyebaki nje ni mwenye nyumba.

Tuanze na asili ya utengano huo, maana wengi hudhani umeteremka pamoja na elimu yenyewe. Vyuo vikuu vya Ulaya vya zama za kati viliuweka muziki pamoja na hesabu, jiometri na elimu ya nyota. Ulisomwa kama elimu ya uwiano wa namba, na Boethius, aliyekuwa hoja yao kubwa, alimpa mwenye kuuhukumu muziki kwa akili daraja ya juu kuliko mwenye kuupiga kwa mkono. Mwaka 1885 Guido Adler aliupangia ramani usomi wa muziki, akaugawa baina ya historia na nadharia. Ramani hiyo ilikuwa na maana kwao. Sisi tulipoazima jengo, tuliazima pamoja nalo kuta zake: huku nadharia, kule utendaji, na siku hizi chumba cha tatu, utamaduni wa umma. Chumba cha maneno hakimo. Maneno yako katika jengo jingine, kwa watu wa Kiswahili.

Sasa tutazame upande wa pili wa bahari, ambako tumechota msamiati wetu wa utungo. Aliyeweka misingi ya elimu ya arudhi ya Kiarabu ni Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa karne ya 8, mwenye nasaba ya Oman, aliyeishi na kusomesha Basra. Mtu huyo huyo anatajwa kuandika juu ya nagham na juu ya iqa', yaani sauti na mapigo. Kwake kupima ubeti na kupima mdundo ilikuwa kazi ya sikio moja. Karne mbili baadaye Al-Farabi, katika kitabu chake kikubwa cha muziki, aliiweka sauti ya binadamu iliyoungana na maneno juu ya sauti ya ala, ingawa yeye mwenyewe anasifiwa kwa kupiga udi. Basi tunaposema kwamba muziki na shairi ni ndugu wa tumbo moja hatubuni la jana.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Mizani ni neno la mshairi, lakini shina lake la Kiarabu ndilo lililowapa wanamuziki wa Kiarabu neno lao la mdundo, wazni. Kipande cha utenzi kina mizani 8, na ubeti una vipande vinne, cha nne kikibeba kina cha bahari kinachorudi mpaka mwisho wa utenzi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, umekatwa katikati, kina hapa na kina pale. Hii si hesabu ya karatasi. Pale katikati, palipo na kina cha kwanza, ndipo mwimbaji anapovuta pumzi, ndipo fidla zinapomjibu, ndipo msikilizaji anapojua kuwa nusu ya maneno imeshafika na nusu iko njiani. Mwanafunzi aliyefundishwa kutambua kituo cha akordi katika kazi ya Mozart, na asifundishwe kutambua kituo cha pumzi katika shairi la Muyaka, amefundishwa kusikia nyumba ya jirani na kuziba masikio kwake.

Na kuna suala la mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa kwa maneno machache. Chukua neno barabara: likikazwa mahali pamoja ni njia ya gari, likikazwa pengine lina maana ya sawasawa. Mkazo peke yake umegeuza maana. Mtunzi wa sauti asiyelijua hili huliangusha pigo zito la muziki juu ya silabi nyepesi, na neno hutoka limevunjika mguu. Nyimbo nyingi za kanisa zilizofasiriwa na wamisionari kwa ajili ya sauti za Ulaya zina jeraha hilo: sauti ni tamu, maneno ni sahihi, na vinapokutana vinapigana. Kwa miaka mingi nimefasiri nyimbo, na naweza kuthibitisha kwamba kupata maana si kazi ngumu. Kazi ni kuipata maana katika neno ambalo mkazo wake unakubali kukaa pale muziki ulipokwisha kumwekea kiti. Somo hilo linatakiwa liwe la mwaka wa kwanza wa shahada ya muziki, wala si siri ya wafasiri.

Katika hiyo inayoitwa nadharia liko jambo jingine. Mwanafunzi huanza kwenye piano, na piano ina sauti 12 katika oktava, hazizidi. Mpe maqamu ya rasti: sauti yake ya tatu hukaa kati ya mi na mi iliyoshushwa nusu, na kwenye piano hapana kibao chake. Mwaka 1932 Waarabu walikutana Kairo katika mkutano mkubwa wa muziki, wakawaalika wageni wa Ulaya, miongoni mwao Béla Bartók, Paul Hindemith na Erich von Hornbostel. Walijadiliana kama oktava igawiwe robo 24 zilizo sawa, na kama ala za vibao kama piano zikaribishwe au zizuiwe. Tazama heshima ile! Walibishana juu ya mizani ya sauti zao wenyewe, tena mbele ya mabingwa wa dunia. Sisi, ambao taarabu yetu imelelewa na mafunzo ya Kairo tangu enzi za Sayyid Barghash, tumeupokea mtaala bila ya ubishi. Mzee mpiga kanuni anayejua kwa kidole mahali halisi pa ile sauti ya tatu huitwa siku ya sherehe, apige, apigiwe makofi, apewe maji ya kunywa, arudi nyumbani. Siku ya mtihani haitwi.

Tuje kwenye utendaji. Marafiki zangu wa muziki hujibu: sisi tunafundisha kupiga na kuimba, maneno ni juu ya mwimbaji. Haya, tuwatazame hao tunaowaiga. Schubert alipotunga Erlkönig mwaka 1815 alitunga juu ya shairi la Goethe, na hakuna mwalimu wa sauti kule Ujerumani atakayemruhusu mwanafunzi kulipanda jukwaa kabla ya kuyasoma maneno yale neno kwa neno, nani anasema, kwa nani, kwa hofu gani. Katika vyuo vya muziki vya Ulaya na Marekani matamshi ya Kijerumani, Kiitaliano na Kifaransa ni somo lenye mwalimu wake, na anayeimba bila ya kufahamu huonekana mjinga. Tumeiga piano, tumeiga joho, tumeiga hata namna ya kuinama mbele ya watu. Hilo moja ambalo lingetufaa zaidi tumeliacha bandarini.

Na kwetu haja ni kubwa kuliko kwao, kwa sababu taarabu huishi kwa fumbo. Kila aliyewahi kukaa ukumbini anaujua utaratibu wa kutunza, ambao Kelly Askew ameueleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 2002. Mwanamke anainuka kitini, noti mkononi, anakwenda taratibu kwa mwimbaji, na anaichagua saa ya kufika: anafika kwenye mshororo uliomgusa, au uliomgusa mwenziwe aliyekaa meza ya tatu. Mwimbaji mwenye ilimu anaujua mshororo huo. Anaurudia, anauvuta, anawaashiria wapigaji wasiende mbele. Mwimbaji asiyejua anaupita kama basi lililopita kituo, na ukumbi wote unapoa. Sasa niambieni, huu ni muziki au ni fasihi? Kama mtihani wa utendaji unapima shingo ya fidla imeshikwaje, na haupimi kama mwimbaji alijua fumbo liko wapi, unapima nini?

Mantle Hood, aliyejenga usomi wa muziki wa dunia katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliandika mwaka 1960 kwamba anayetaka kuusoma muziki wa watu wengine lazima aupige, awe na muziki wa namna mbili kama mtu mwenye lugha mbili. Lilikuwa neno zuri, likawatoa wasomi kwenye viti. Lakini mfano wake wenyewe unamdai zaidi. Anayeupiga muziki wa mwambao bila ya kuyafahamu maneno yake bado ana muziki mmoja na nusu.

Chumba cha tatu ni utamaduni wa umma. Hapa nawaunga mkono vijana bila ya sharti. Kwa muda mrefu maprofesa waliudharau muziki wa mitaani. Hata huko Uingereza, taasisi ya muziki pendwa ya Liverpool ilianzishwa mwaka 1988 tu. Leo mwanafunzi anaweza kuandika tasnifu juu ya taarabu ya rusha roho, bongo fleva au singeli, na hakuna haki ya kumcheka. Ninachokipinga ni namna inavyoandikwa. Unafungua tasnifu, unakuta utandawazi, utambulisho, soko, jinsia, teknolojia, kurasa kwa kurasa, na maneno ya wimbo wenyewe yamewekwa kiambatisho mwishoni kama mizigo isiyo na mwenyewe. Mwandishi ameeleza kila kilichouzunguka wimbo. Wimbo wenyewe hakuuingia.

Hebu tumtazame Siti binti Saad, aliyepelekwa Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi sahani za santuri. Kundi lake liliwaimbia watu wa kawaida kwa Kiswahili chao, na mambo ya mji yakaingia ukumbini. Wimbo wa Kijiti unasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji aliyekimbilia bara, na namna sheria ya kikoloni ilivyoishughulikia kesi hiyo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001, aliyachukua maneno ya nyimbo za kundi la Siti, akayaweka kando ya kumbukumbu za wazee, akaisoma historia ya mji ambayo haikuandikwa na karani yeyote. Aliweza kwa sababu aliyasikiliza maneno. Mnaona aibu iliyomo? Kazi hiyo imekuja kufanywa kwa Kiingereza na mtu aliyevuka bahari, na sisi wenye maneno tunabishana kama nyimbo ni za idara gani.

Sitawasaza wa upande wangu. Sisi washairi na wenzetu wa fasihi tuna deni kubwa zaidi, maana sisi ndio tulioupokonya wimbo sauti yake na kuulaza kwenye karatasi. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 alishikilia kwamba shairi ni wimbo. Kisha ukaja ule mgogoro maarufu: Kezilahabi na Kichomi mwaka 1974, Mulokozi na Kahigi na Kunga za Ushairi mwaka 1979, wanamapokeo na wanamabadiliko, vina na bila vina. Hoja nzito zilitolewa pande zote, na wino mwingi ulimwagika. Lakini swali la kama shairi ni wimbo linaweza kuamuliwa kwa wino peke yake? Lilihitaji udi uletwe, mwimbaji akae, shairi la vina na shairi huru yawekwe mbele yake, tusikie. Mgogoro wa sikio tuliupeleka kwenye mahakama ya macho. Na mpaka leo mwanafunzi wa Kiswahili anahesabu mizani kwa vidole kama anayehesabu maembe, hajui kwamba vile vidole awali vilikuwa vikigonga dumbaki.

Na dharau yetu kwa vijana wa mitaani? Tunasema bongo fleva haina adabu ya utungo. Wengine hawana kweli. Lakini yuko kijana asiyejua hata neno arudhi, na anapanga vina vya ndani na vya mwisho juu ya mdundo wa mashine, kwa haraka ambayo mshairi wa gazetini haiwezi. Angekuwa na mwalimu wa kumwambia kuwa anachokifanya kina jina, kina umri wa karne kadhaa, na kina njia ambazo hajazikanyaga, huyo angekuwa nani leo? Mwalimu huyo hayupo chuoni, kwa sababu wa muziki hajui vina na wa vina hajui mdundo.

Niliwahi kukiuliza chuo kimoja, ambacho sikitaji, kama ningeweza kuwapa wanafunzi wa muziki mihadhara michache juu ya bahari za tungo zetu, bila ya malipo. Nilijibiwa kwa adabu kwamba mashairi yana idara yake. Nikaenda kwenye idara hiyo. Nikajibiwa, kwa adabu vile vile, kwamba masuala ya mahadhi ni ya watu wa muziki. Nilishuka ngazi nikicheka, lakini kicheko hicho hakikuwa cha furaha.

Je, jambo hili linawezekana? Limekwisha kuwezekana, tena Afrika. J. H. Kwabena Nketia wa Ghana alisoma isimu London katika miaka ya 1940, na mwaka 1955 alitoa kitabu juu ya nyimbo za maombolezo za Waakan. Alianza na maneno ya wafiwa, jinsi wanavyomtaja marehemu, ukoo wake na mji wake, na kutoka kwenye maneno akaingia kwenye sauti, na kwenye sauti akaingia kwenye ngoma zinazosema. Yeye mwenyewe alikuwa mtunzi wa muziki na mwandishi kwa lugha yake. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa mwalimu mkuu wa muziki wa Afrika katika vyuo vikuu, mpaka alipofariki mwaka 2019. Hakuufikia ukuu huo kwa kuitupa lugha yake mlangoni.

Najua watakaosema muziki ni lugha ya dunia nzima, hauhitaji tafsiri. Maneno hayo hupendwa na wasiolazimika kujifunza lugha ya mtu. Kama muziki ni lugha moja, kwa nini rasti inawapa tabu wapiga piano? Wengine watasema: na bashrafu je, si muziki usio na neno hata moja? Ni kweli, na naipenda. Lakini itazameni bashrafu yenyewe: ina khana zake zinazobadilika, na ina taslimu inayorudi kila baada ya khana, kama ubeti na kibwagizo. Hata inaponyamaza maneno, bashrafu inakaa kikao cha shairi. Na wapo watakaosema soko halitaki arudhi, hoteli inataka nyimbo za watalii. Hoteli haina haja ya shahada yoyote. Kama kipimo ni hoteli, tufunge chuo, tuokoe ada za wazazi.

Basi ninachokitaka ni kidogo, nacho kinatajika. Kwanza, kila anayesoma muziki katika vyuo vya mwambao asome arudhi ya Kiswahili mwaka mzima, na mtihani wake uwe wa mdomo: apewe utenzi, shairi na wimbo wa mishororo mitatu, aghani vyote. Pili, kila anayesoma ushairi wa Kiswahili akae na mwanamuziki muhula mmoja, atoke na tungo kumi ambazo anayajua maneno yake na mahadhi yake. Tatu, katika mtihani wa mwisho wa utendaji, mtahiniwa aulizwe maana ya alichokiimba, na jibu lihesabiwe katika alama. Nne, mzee mjuzi akae kwenye meza ya watahini akiwa na kura kamili, awe na cheti au asiwe nacho. Siti hakuwa na cheti. Tukisema mzee huyo hafai kutahini, tuseme pia kwamba Siti asingefaa kutahiniwa, tuone nani atathubutu kuitia saini karatasi hiyo.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa nota na akordi ni mzuri, nami nausifu, tuutandike. Lakini wazee wanaoyajua maneno na mahali pake pa kuvutwa wanapungua kila mwaka, na maktaba ya sauti peke yake haimfundishi kijana kwa nini ukumbi uliinuka kwenye mshororo ule. Anayeweza kumweleza bado yuko barazani, na ada yake ni kikombe cha kahawa. Aitwe sasa, huku akiweza kupanda ngazi.